Eddy Gordo anaamkaje chini? Historia ya capoeira kwa sisi tuliokulia vibanda vya gemu



Najua niliadimika. Semista hii imetubana kweli kweli, asaimenti juu ya asaimenti, na umeme wa huku gheto Mkuyuni nao unakuja kwa mapozi. Lakini leo lazima niandike, kwa sababu kuna neno limenikaa kichwani tangu lekcha ya wiki iliyopita ya historia ya biashara ya utumwa katika Atlantiki. Mhadhiri alitaja "capoeira", akaeleza kwa sentensi mbili, akapita. Nikamgeukia mshikaji niliyekaa naye nikamwambia, "Eddy huyo." Akashindwa kuzuia kicheko.

Waliokulia vibanda vya gemu wameshanielewa. Kwa wengine, vuteni kiti niwaeleze taratibu. Hii ni historia kabisa, siyo mambo ya watoto.

KUANGUKA KWENYE TEKKEN

Tekken ni gemu la kupigana la kampuni ya Namco ya Japani. La kwanza lilitoka mwaka 1994. La tatu, ambalo ndilo wengi wetu tulilijua hata kama tulilikuta limeshazeeka, liliingia kwenye mashine za kulipia mwaka 1997 na kwenye PlayStation mwaka 1998. Pedi ina vitufe vinne vya kupigia na kila kimoja kina kiungo chake: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Basi. Ukijua hilo, yaliyobaki ni jasho.

Tekken 3 ilileta mabadiliko mawili ambayo tulipokuwa wadogo tuliyaona ya kawaida tu, kumbe yalikuwa makubwa. Kwanza, mtu wako aliweza kukwepa pembeni kwa urahisi zaidi, kuja upande wa kioo au kwenda upande wa nyuma ya picha. Pili, wakaongeza njia za kuinuka haraka ukiangushwa. Mgongo unapogusa chini, palepale, ukibonyeza kitufe kwa wakati wake, mtu wako anabiringika kwenda upande uliochagua na anasimama. Ukichelewa kidogo unabaki umelala kama gunia la mpunga. Hata hapo bado una njia: unaweza kubiringika nyuma, kubiringika mbele, kusimama palepale, au kuamka na teke la chini la kumkata miguu anayekusogelea.

Utamu uko hapa. Mpinzani naye anajua una njia hizo zote, kwa hiyo anakubahatisha. Akidhani utabiringika kushoto, teke lake linakusubiri kushoto. Kwa hiyo kuanguka kwenyewe hakukumalizi. Kinachokumaliza ni kuamka kila siku kwa njia ileile mpaka watu wakakukariri.

Wachezaji duniani wanaita kuinuka huko kwa neno la Kijapani, ukemi. Neno limetoka kwenye judo na sanaa ndugu zake. Jigoro Kano alianzisha shule yake ya judo, Kodokan, mwaka 1882, na mpaka leo mtoto anayeanza judo hafundishwi kwanza kumwangusha mwenzake. Anafundishwa yeye mwenyewe kuanguka bila kuumia. Mimi hilo limenigusa. Sisi shule tulifundishwa kushinda tu, kuanguka kila mtu akajifunza kivyake.

SASA EDDY

Ndani ya Tekken 3 akaingia jamaa mmoja kutoka Brazil, Eddy Gordo. Mashabiki wa gemu za zamani watanikumbusha kuwa yeye hakuwa wa kwanza kucheza capoeira kwenye gemu, na ni kweli: Richard Meyer alishakuwepo kwenye Fatal Fury tangu 1991. Lakini aliyeifikisha capoeira vibandani kwetu ni Eddy.

Kwa wapiganaji wengine sakafu ni mahali pa aibu, unatoka pale haraka uwezavyo. Eddy anakwenda chini kwa hiari yake! Anajilaza chali kama mtu anayepunga upepo pale Kapri Point, halafu kutoka hapohapo miguu inaanza kuzunguka. Anasimama kwa mikono, kichwa chini, na bado anakupiga. Ukimwangusha hujui kama umemwangusha au umempeleka anakopenda. Na ukibonyeza vitufe vya miguu ovyo ovyo, Eddy anatoa mambo kama vile unajua unachofanya. Ndiyo maana kibandani kwetu kulikuwa na sheria isiyoandikwa: mkiwekeana dau la mia mbili, hakuna Eddy.

Tulikuwa tunamwita "mcheza ngoma". Tulidhani tunamtania. Kumbe tulikuwa karibu na ukweli kuliko tulivyojua.

CAPOEIRA YENYEWE

Kwenye capoeira halisi watu wawili wanaingia katikati ya duara la watu, linaloitwa roda. Watu wanaimba, wanapiga makofi, kuna ngoma, na kuna berimbau, upinde wenye waya mmoja na kibuyu, ndio unaotoa amri ya mwendo. Msingi wa kila kitu ni ginga, ile hatua ya kuyumba kulia na kushoto bila kutulia. Teke likija, mcheza capoeira kwa kawaida hazuii kwa mkono. Anashuka. Kushuka huko kuna jina lake, negativa: mwili unakaribia kabisa sakafu, mkono mmoja unashika ardhi, mguu mmoja umenyooshwa. Kutoka hapo anatoka kwa rolê, yaani anazunguka chinichini kwa mikono na miguu, macho hayamwachi mpinzani, anaibukia upande mwingine. Au anatoka kwa aú, ule mzunguko wa gurudumu ambao watoto wa Mkuyuni wanaupiga kwenye mchanga bila kufundishwa na mtu.

Kwa hiyo ile "kuinuka haraka upande unaoutaka" ambayo Namco waliiweka kwenye vitufe mwaka 1997, capoeira ilikuwa nayo zamani, tena kama msingi. Katika capoeira ya mtindo wa Angola kinachoruhusiwa kugusa chini ni mikono, miguu na kichwa. Ukiangukia makalio umeaibika mbele ya duara zima. Na makalio kwa Kireno cha Brazil yanaitwa "bunda", neno lililotoka lugha ya Kimbundu ya Angola. Ndugu zangu wa Mara msinipige mawe, mimi sikulitunga. Ila nawaza tu siku Mbrazili akisimama stendi akasikia konda anaita "Bunda, Bunda, bado wawili!"

WALIKUWA WANAITWA WAHUNI

Tuje kwenye uzito wenyewe.

Waafrika waliofikishwa Brazil katika biashara ya utumwa walikuwa karibu milioni 4.8, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika. Sehemu kubwa walipakiwa pwani ya Kongo na Angola. Capoeira ilikua kati ya watu hao na watoto wao. Kumbukumbu za Rio de Janeiro zinaonyesha mtumwa aitwaye Adão alikamatwa mwaka 1789 kwa kosa la capoeira. Mchoraji Mjerumani Rugendas, aliyekuwa Brazil miaka ya 1820, alichora watu wawili wakicheza huku mmoja amekalia ngoma anapiga. Picha ikachapishwa mwaka 1835. Berimbau haimo kwenye picha ile. Ilikuja kuungana na mchezo baadaye.

Katika Rio ya karne ya 19 neno "capoeira" halikuwa jina la mchezo tu, lilikuwa pia jina la mtu. Ukisema yule ni capoeira, ulimaanisha yule ni mhuni, mtu wa genge, ana kisu. Na magenge yalikuwepo kweli, tusiwapambe. Wanasiasa waliyatumia wakati wa uchaguzi kutisha watu, halafu siku ya pili wakayaita uchafu. (Nani kasema historia ni ya zamani?)

Utumwa ulifutwa Brazil tarehe 13 Mei 1888. Mwaka uliofuata ufalme ukaangushwa, jamhuri ikaingia. Na jamhuri hiyo, kwenye sheria yake ya jinai ya mwaka 1890, kifungu cha 402, ikaandika kuwa kufanya capoeira barabarani ni kosa, kifungo miezi miwili hadi sita. Hebu fikirini hapo. Miaka miwili tu baada ya kuambiwa uko huru, mwili wako ukiuyumbisha hadharani unafungwa.

Sasa rudini kwa Eddy. Kwenye hadithi ya gemu, Eddy ni mtoto wa tajiri ambaye baba yake anauawa na wauza madawa ya kulevya. Ili asiuawe naye, anakubali kubeba kesi ya mauaji ya baba yake na kwenda jela miaka 8. Na ni humo jela anakutana na mzee anayemfundisha capoeira. Sisi tuliruka video ile ya mwanzo kila mara, tulikuwa tunaiona inatuchelewesha. Sijui kama waandishi wa Namco walikuwa na kifungu cha 402 akilini. Lakini waliiweka capoeira jela, na jela ndipo serikali ilipoiweka.

Aliyeitoa huko kwa njia ya mlangoni ni Manuel dos Reis Machado, anayejulikana kama Mestre Bimba, wa Salvador, Bahia. Mwaka 1932 alifungua shule ya capoeira ndani ya nyumba, yenye ratiba na mazoezi yaliyopangwa. Mwaka 1937 serikali ikaiandikisha rasmi. Mwaka 1953 alionyesha capoeira mbele ya Rais Getúlio Vargas. Mwenzake Mestre Pastinha alishika mtindo wa zamani, Angola, wenye mwendo wa taratibu na ujanja mwingi chini kwa chini, akafungua shule yake mwaka 1941. Mwaka 1966 Pastinha alisafiri mpaka Dakar, Senegal, kwenye tamasha la dunia la sanaa za watu weusi. Alifariki mwaka 1981, kipofu na maskini. Bimba alishatangulia mwaka 1974, mbali na Bahia yake.

Mwaka 2014 UNESCO ikaitambua roda ya capoeira kuwa urithi wa binadamu wote. Kutoka miezi sita jela mpaka urithi wa dunia ni miaka 124.

NANI ALIYECHEZA NDANI YA EDDY?

Miondoko ya Eddy haikubuniwa tu na mtu aliyekaa kwenye kompyuta. Wajapani walimwita mestre wa capoeira wa Brazil, Marcelo Pereira, wakamrekodi akicheza, kisha miondoko yake wakamvika Eddy. Kwa hiyo ule mzunguko niliokuwa naubonyeza kwa mia mbili hapa Mkuyuni ulikuwa mwili wa mtu halisi, aliyefundishwa na mtu, aliyefundishwa na mtu, mpaka tunarudi kwa wale waliofungwa.

Mimi hapo, wadau, niliweka kalamu chini nikatulia. Darasani tunasoma kwamba historia ya Mwafrika ilihifadhiwa kwa masimulizi ya mdomo, kwenye ngoma, kwenye michoro. Hakuna aliyenifundisha kuwa inaweza kuhifadhiwa kwenye sidii iliyokwaruzwa, inayofutwa na shati kila baada ya dakika kumi.

JE, NI YETU?

Hapa ndipo penye mtego, na ndipo nilipobishana na washikaji mpaka saa sita usiku. Mmoja akasema, "Sasa si yetu hiyo! Waafrika ndio walioianzisha." Twende polepole.

Kuna nadharia kwamba capoeira imetokana na engolo, mchezo wa mateke wa kusini mwa Angola. Mchoraji Mreno aliyeishi Angola, Albano Neves e Sousa, aliieneza katika miaka ya 1960, na wana capoeira wengi wanaiamini kabisa. Mwanahistoria T. J. Desch-Obi ameitetea katika kitabu chake cha mwaka 2008. Mwenzake Matthias Röhrig Assunção anasema tuwe waangalifu: capoeira ilichanganya mambo ya watu wengi, na ilitengenezwa Brazil. Assunção huyohuyo alifunga safari mpaka Angola pamoja na Mestre Cobra Mansa kuwatafuta wazee wa engolo, na filamu yao ikatoka mwaka 2013. Waliona mateke yanayofanana, kugeuka kwa mikono chini, duara, makofi, nyimbo. Waliona pia tofauti: upinde wa muziki upo Angola, lakini hauongozi engolo kama berimbau inavyoongoza capoeira.

Na sisi wa huku? Watu waliochukuliwa Afrika ya Mashariki kwenda Atlantiki walikuwepo, zaidi ya laki tano walipakiwa, wengi kutoka bandari za Msumbiji. Lakini njia za bara letu, hizi za Unyamwezi mpaka Bagamoyo, zilielekea zaidi Zanzibar, Pemba na Arabuni. Kwa hiyo mtu akija kuniambia Msukuma ndiye aliyeanzisha capoeira, nitamwomba ushahidi kwa heshima.

Ila undugu upo, na lugha ndiyo inayosema. Angola wanazungumza lugha za Kibantu kama sisi. Quilombo, yale makazi ya watumwa waliotoroka Brazil, ni kilombo, kambi ya vita kwa Kimbundu. Genge la mboga Brazil wanaita quitanda, kutoka kitanda cha Kimbundu, yaani soko. Yaani "kitanda" cha kule ndipo unaponunua nyanya, cha kwetu ndipo unapolalia njaa boom likichelewa. Na ile berimbau, kamwoneshe Mgogo yeyote picha yake. Atakwambia hii si ndono? Upinde, waya, kibuyu. Jina tofauti, ukoo mmoja.

BUJORA IKO HAPA HAPA

Hoja yangu mimi siyo kudai cha Mbrazili. Hoja ni kuuliza cha kwetu kiko wapi.

Hapa Mwanza ukipanda gari mpaka Kisesa unafika Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmishonari kutoka Kanada. Pale kila mwaka kuna sikukuu ya Bulabo, na Wagika wanashindana na Wagalu. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma ambavyo mwanzo wake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wanacheza kwa wakati mmoja, pande mbili, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna jaji wala pointi. Watu wakikuhama, umeshindwa. Ndiyo maana watatoa jembe warushe juu, watatoa chatu, watafanya lolote ili wewe usigeuze shingo. Ngoma ambayo ni mashindano, dawa, ujanja na vichekesho kwa pamoja. Hiyo nayo ina miondoko yake, na hakuna aliyewahi kunionyesha mchezaji wa gemu anayeruka na jembe la bugobogobo.

Wakenya wameshaonyesha njia kwa upande mwingine. Sylvia Gathoni, anayejiita QueenArrow, alijijengea jina kwenye Tekken akapata kusajiliwa na timu za nje ya nchi huku akisomea sheria. Mwanafunzi wa chuo kama sisi. Na Eddy mwenyewe hajafa: aliongezwa kwenye Tekken 8 mwezi Aprili 2024, miaka 27 tangu atokee, bado anakwenda chini kwa hiari yake.

KWA NINI NIMEANDIKA YOTE HAYA

Mtaani kwetu kuna kibanda cha gemu na wazee wanataka kifungwe. Kwenye kikao neno lililotumika ni lilelile, "wahuni". Mama mwenye nyumba wangu, ambaye namheshimu kama mama mzazi, ndiye aliyesimama wa kwanza. Nilimpa shikamoo jioni ile nikakaa naye barazani, nikamwambia, "Mama, mtoto wa shule asiingie saa za masomo, hapo nakuunga mkono kabisa. Dau la fedha nalo lipigwe marufuku. Ila kibanda kisifungwe." Akaniuliza wanajifunza nini mle. Nikamsimulia habari ya Bimba na kile kifungu. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kuchambua dagaa wake, halafu akasema, "Sasa hao watoto wanaijua hiyo habari?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu ni hapana. Hawajui. Mwenye kibanda hajui. Mimi nimejua mwaka wa pili wa chuo, tena kwa sababu mhadhiri alilitaja neno akapita.

Basi kikao kinachofuata ni Jumapili ijayo, na nimeomba dakika tano za kuzungumza. Kabla ya hapo nitachapisha karatasi moja, yenye picha ya Rugendas juu na maelezo mafupi kwa Kiswahili chepesi, nikaibandike ukutani juu ya televisheni ya kibanda. Mwenye kibanda ameshakubali, ila kasema isizibe bei.

Mdau mwenye picha nzuri za Bulabo za miaka ya nyuma, au babu aliyecheza na Wagika au Wagalu, naomba aniandikie. Nataka karatasi ya pili iwe ya kwetu.

Ngoja niishie hapa, nina asaimenti ya kurasa kumi na sijaandika hata jina langu. Tuko pamoja.